Marahaba kwenye hadubini

Wasichana, leo mama mkwe ameitikia shikamoo yangu!

Mnakumbuka baba mkwe alivyopooza mara tu baada ya harusi yetu? Mama mkwe akatangaza kijiji kizima cha Suji: "Harusi imetuletea kiharusi." Tangu hapo, nikimwamkia, kimya.

Leo mume wangu (jamani, mume wangu!) katuita Same, kwenye maabara anayofanyia kazi na daktari Mwingereza. Akaweka kwenye hadubini kipande chembamba cha ubongo wa mbuzi aliyefungwa mshipa wa shingo.

Mama akainama. "Naona nyasi."

"Hizo ni kope zako, Mama," mwanawe akamwambia.

Nikauma khanga nisicheke.

Akatazama tena. Mume wangu akamweleza: chembe za ubongo zilizopata damu zimejaa vizuri. Zilizoikosa zimesinyaa.

"Kumbe ni kama mahindi, mfereji wa kutoka bwawa la ndiva ukiziba!"

"Ndivyo alivyougua Baba," mume wangu akasema. "Mshipa uliziba."

Tulipofika mlangoni Mama akanigeukia.

"Marahaba, mwanangu."

"Lakini Mama, sijakuamkia."

"Hiyo ni ya zile zote za nyuma."

Nyie mngelia au mngecheka? Mimi nilifanya yote mawili, na mume wangu akanishika mkono mbele ya daktari!