Kikokotoo cha Fundi Paa wa Mpemba

Zamani mtu alinunua kifaa ili azeeke nacho. Leo kinakufa hata ganda lake halijachakaa. Yonathani, fundi paa wa Mpemba, karibu na Tunduma, alivuka mpaka hadi Nakonde akiwa kijana, akarudi na kikokotoo cha sola chenye vitufe vya saini na kosaini. Nambari zimefutika kwa vidole vyake. Kimenyeshewa, kimeanguka kutoka juu ya kenchi za paa, kimelaliwa na mbuzi, na bado kinafanya kazi. Vile vipya viwili alivyonunua binti yake Enesi, anayerudia mtihani wa kidato cha nne huku akilea mtoto, havikumaliza hata masika. Ndipo akawa anaazima cha baba yake.

Kanisa moja la Ihanda lilimpa Yonathani kazi ya kuezeka. Akapiga hesabu ya pembe ya nyuzi thelathini, akakata mbao za kenchi za kwanza. Zilipopandishwa, zikapungua upana wa kiganja.

"Hicho kidude kimezeeka," akasema Mika, mzee wa kanisa. "Au mmezeeka wote wawili?"

Vibarua wakacheka.

Yonathani akakiinamia. Pembeni mwa kioo, mahali pa D, alama ya nyuzi, palikuwa na herufi G: kipimo kingine cha pembe, ambacho hakuna fundi wa huku anayekitumia. Enesi alikuwa amekiazima jana yake, akagusa kitufe bila kujua. Yonathani akabonyeza, D ikarudi, na jibu likawa lile la miaka yote.

Mika alikuwa anasubiri. Amtaje Enesi mbele ya vibarua, na Jumapili wanong'one juu yake kanisani?

"Kikokotoo hakina kosa," akasema. "Nilikata bila kukagua."

"Basi tutamleta yule kijana wa Tunduma. Yeye hesabu zake ziko kwenye simu."

Wakamleta. Tangu hapo hakuna aliyemwita Yonathani kazini. Fundi aliyeharibu mbao za kanisa, habari zake humtangulia.

Kwenye chumba cha mtihani simu haziingii. Asubuhi ya fizikia akampa Enesi kikokotoo.

"Tazama D kwanza, mama."

"Na wewe baba, utapigia nini hesabu?"

"Za paa lipi?"

Enesi alifaulu, akapata chuo Dodoma. Mara ya mwisho Yonathani kuwaona, binti na kikokotoo, ilikuwa dirishani mwa basi, kikichungulia mfukoni mwa koti lake, hadi foleni ya malori ilipowaficha.