Udi wa Mgeni wa Heshima

Mpaka leo nikisikia harufu ya udi mzuri hasira hunipanda, na wa kulaumiwa ni shangazi yangu.

Jirani yangu wa mtaa wa Ghubra, hapa Maskati, alikuwa bibi mmoja Mtaliana. Alianza kuimba kanisani kwao akiwa mtoto, akaja kuwa mwimbaji wa opera, zile sauti za kike za juu kabisa, akazunguka majumba makubwa ya Ulaya mpaka nywele zikamgeuka mvi. Huku alimfuata binti yake, akawa anawafundisha kuimba watoto wa mtaa wa Qurum. Koo lake alilitunza kama yai. Siku ya kuimba hazungumzi tangu asubuhi, na moshi anaukimbia, hata wa mshumaa.

Binamu yangu alipoolewa, bibi alikubali kuja harusini, mtaa wa Mabela, kuwaimbia wanawake wimbo mmoja, kwa ajili yangu. Nilimwambia shangazi, mwenye shughuli, udi usimkaribie mpaka amalize.

"Nimekufahamu, mwanangu," alinijibu.

Hakufahamu kitu. Nilitoka kumpokea bibi harusi, kurudi namkuta shangazi kasimama mbele ya mgeni, chetezo cha udi kakiingiza chini ya mtandio wa mgeni, moshi unamfuka usoni. Bibi wa watu kainamisha kichwa anavumilia, asije akatuvunjia heshima.

"Mgeni mkubwa kama huyu akae bila ya udi?" shangazi alinambia. "Watu watatusema. Khalafu, udi unaharibu sauti? Mie nnajifukiza tangu mdogo, na makelele yangu unayasikia."

Bibi alianza vizuri. Alipopanda juu, sauti ikakatika. Akarudia, ikakatika tena. Wasichana wakacheka. Simu zilikatazwa, lakini yuko aliyerikodi, na asubuhi ikazagaa kwenye grupu la ukoo: eti huyu ndiye wa opera. Niliwajibu maneno ambayo mama yangu hakunilea kuyasema. Mgeni umemwalika mwenyewe, umemharibu mwenyewe, kisha unamfanya kichekesho. Shangazi hakuulizwa neno.

Baadaye bibi aliacha kufundisha. Siku moja akaniomba nimpeleke kwa shangazi, akamchukulia keki. Wakati wa kuaga, chetezo kikaletwa. Nikainuka kukizuia.

Bibi akanishika mkono, akafungua skafu yake ya shingoni.

"Muache," alisema kwa Kiarabu chake cha kuokoteza. "Mimi siimbi tena."

Shangazi akatabasamu. "Unaona? Anaupenda," akanambia, na akaongeza kipande kingine juu ya makaa.