Mazutu Kwenye Injini ya Daktari

Nilisikia mluzi kabla sijaona gari. Ulikuwa mwembamba, ukipanda kadiri gari lilivyopanda, ukitokea nyuma ya ukuta wa mawe meusi ya volkano uliozunguka gereji yetu hapa Gisenyi, Rwanda, jirani na mpaka wa Kongo. Nilikuwa na saa moja tu tangu nianze kazi. Nilisimama na ufagio mkononi nikidhani kuna mtu anaita mbwa wake. Shefu, ndivyo tulivyomwita mkuu wa gereji, aliinua kidole.

"Unasikia iyo? Iyo njo turbo. Ikiimba vizuri, mwenye gari anatulia. Ikilia, ni weye hautatulia."

Geti likafunguliwa, akaingia Daktari wa mifugo, aliyeishi mjini na kutibu ng'ombe kule juu Mudende. Shefu akanituma nimshikie taa. Nilikuwa kijana niliyerudi na wazazi wangu kutoka Karagwe, Tanzania, na kila nilipofungua mdomo mafundi walicheka. "Mutanzania," walisema, "Kiswahili yako ni ya redio." Daktari hakucheka. Aliniuliza jina, nikasema Anastasi, na tangu siku hiyo gari lake likiingia alisema, "Anastasi yuko wapi?" Sikuwahi kuitwa hivyo na mtu mwenye gari.

Ninyi vijana mnaochomeka kompyuta chini ya usukani kabla hata ya kumsalimu mteja, ngojeni niwaeleze tulivyofanya kazi. Turbo ni feni mbili ndogo kwenye shafti moja. Moshi wa injini huzungusha ya kwanza, na ya pili husukuma hewa ndani ya injini ipate nguvu. Shafti hiyo inaelea kwenye utando wa oili, mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Utando ukikatika, chuma kinagusa chuma, na hapo hakuna dua.

Kwa hiyo Shefu alitufundisha oili kwanza. Namba iliyo mbele ya herufi W inaeleza oili inavyotiririka injini ikiwa baridi, na inayofuata inaeleza inavyosimama ikiwa moto. Kumwaga oili, injini iwe na uvuguvugu, ili uchafu utoke nayo. Washa, yaani kipete cha shaba kwenye boliti ya chini, ibadilishwe kila mara. Filta mpya ijazwe oili kabla ya kufungwa, na mpira wake upakwe oili kwa kidole. Na dereva akifika asizime injini papo hapo. Aiache ingurume kidogo, turbo ipunguze mwendo ikiwa bado inakunywa oili. Daktari peke yake ndiye aliyetii hilo. Alikaa ndani ya gari akingoja, mikono magotini, kama mtu aliye kanisani.

Miaka sita nilimhudumia. Halafu nikapelekwa Mudende kutunza malori ya kituo cha maziwa, chini ya Meneja aliyependa kusema, "Maziwa hayangoji spana." Nilikaa miaka miwili kwenye ukungu na baridi, nikijifariji kwamba nikirudi nitakuta mahali pangu.

Nilirudi nikakuta Nsimire.

Alikuwa fundi kutoka Goma, mwanamke wa rika langu, mfupi, kitenge kimefungwa juu ya suruali ya kazi. Kila asubuhi alivuka mpaka na wachuuzi wa nyanya, na bado alikuwa wa kwanza wetu kuvaa ovaroli. Gari la Daktari liliingia juma lile lile. Nikafuta mikono, nikasogea. Daktari akateremka, akanipa mkono vizuri tu, kisha akatazama nyuma ya bega langu.

"Nsimire yuko wapi?"

Nimeumwa malaria, nimebanwa kidole na jeki. Sikumbuki maumivu kama yale.

Tangu hapo nilimchunguza Nsimire. Nilijua Daktari anaegemea boneti muda gani akizungumza naye, na nani kati yao anacheka kwanza. Nilijua pia alichokuwa akifanya vizuri kuliko mimi, na hicho ndicho kilichonila. Akishaweka oili mpya alichomoa waya wa pampu ya mazutu, yaani dizeli, akapiga starta bila injini kuwaka mpaka taa ya oili izimike. Ndipo alirudisha waya na kuwasha. Hivyo oili ilifika kwenye turbo kabla turbo haijaanza kukimbia. Shefu hakutufundisha hilo. Nilianza kulifanya na mimi, lakini tu Nsimire akishaondoka.

Siku moja nilimkuta akimimina oili nyepesi kuliko niliyozoea kuweka.

"Hilo gari limezeeka," nikamwambia. "Injini ya zamani inataka oili nzito."

"Nani alikuambia?"

"Kila fundi anajua."

"Bon. Kila fundi anapanda Mudende asubui na mapema? Kule kuko baridi, Mutanzania. Wili nzito, iyo oili yako, inachelewa kufika ku turbo, inazunguka kavu. Injini hii haikule wili, haivuje. Sababu gani niipatie uji?"

Mafundi walicheka. Shefu alicheka pia, na kicheko cha Shefu kilikuwa na uzito wakati ule, kwa maana alikuwa karibu kustaafu na sote tulijua atamwachia gereji mmoja wetu, mimi au yeye.

Basi nikatafuta kosa. Nilivuta kijiti cha kupimia oili kwenye gari la Daktari, siku tatu tu baada ya Nsimire kuibadilisha. Oili ilikuwa nyeusi tii. Nikamwonyesha Daktari. Nsimire aliyekuwa chini ya lori jirani akatoa kichwa.

"Daktari, wili yenye haigeuke nyeusi ni wili yenye haifanye kazi. Inabeba moshi ya injini. We Mutanzania, ukifua shati na maji ikabakia safi, umefua kitu gani?"

Daktari alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilirudisha kijiti mahali pake.

Kesho yake, Jumamosi, alituachia gari tumbadilishie breki, na kazi nikapewa mimi. Nsimire hakuwapo. Nilimaliza breki wenzangu wakiwa wameshaondoka. Kisha nikamwaga oili yake yote. Nikajaza mazutu kidogo ndani ya injini, nikaiacha ingurume, nikaimwaga ikitoka nyeusi kama lami. Nikarudia. Wengi walifanya hivyo siku zile, wakiamini wanaosha injini. Halafu nikaweka oili yangu, nzito, ya rangi ya asali. Nilipanga nimwambie Daktari Jumatatu, akishaona mwenyewe kijiti kinavyong'aa. Nilitaka aulize, "Nani amefanya hivi?"

Ndani ya injini ya zamani kuna tope lililokauka kwa miaka, limekaa kwenye kona zake bila kudhuru mtu. Mazutu huliamsha. Kwenye bomba jembamba linalopeleka oili kwa turbo, gari lile lilikuwa na chujio dogo, tundu zake hata sindano haipiti. Tope likaenda likakaa hapo.

Daktari alilichukua gari Jumapili, mimi sipo. Jumatatu asubuhi liliua turbo kwenye mlima wa Mudende, likiacha moshi wa buluu nyuma yake. Lilirudi likivutwa na trekta ya viazi.

Shefu alifungua turbo mbele yetu wote. Shafti ilicheza kama jino la mtoto, imeungua mpaka ikawa na rangi ya zambarau.

"Nani aliweka oili?"

Macho yote yalimwendea Nsimire. Yeye alichovya kidole kwenye oili, akanusa. Akanitazama. Nikainama kutafuta spana ambayo haikupotea.

"Sema kitu, mama," Shefu akamwambia.

"Mi sina kitu ya kusema."

Daktari alimwambia Nsimire kwa sauti ya chini, "Nilikuamini," akaondoka kwa miguu. Shefu akamwambia Nsimire asirudi. Miezi miwili baadaye nikakabidhiwa gereji. Daktari alinirudia, akaita jina langu kwenye geti kama zamani, na kila alipoliita nilitazama kama amekosea mtu.

Nilikuwa Shefu muda mrefu kuliko Shefu mwenyewe. Nimewafundisha vijana wengi: usioshe injini ya zamani kwa mazutu, badilisha oili mapema mara mbili tatu, tope litoke lenyewe pole pole. Piga starta waya ukiwa umechomolewa. Walipouliza nilijifunza wapi, nilijibu, "Kazini."

Mwaka jana magoti yalinistaafisha. Mtu anayekaa nyumbani husikia vizuri aliyoyaziba kwa kelele za gereji. Nilimtumia Nsimire ujumbe. Siku hizi ana gereji yake huku kwetu, njia ya Busasamana, na wateja wanampangia foleni. Alikuja na ovaroli, kucha zake nyeusi bado, zangu zimeshakuwa nyeupe, na hata pale kwenye kiti changu nilimwonea wivu.

Nilimwambia yote. Alimaliza chai kwanza.

"Nilijua siku ile. Ilinuka mazutu."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, nani angeamini? Mi mutu wa ng'ambo, weye mutoto wa nyumba. Nikasema, Anastasi iko na roho, atasema mwenyewe. Asubui tatu nilikuja mupaka barrière pale, geti ya kuvukia, nikasimama. Nikangoja wakuje kuniita."

"Hawakuja."

"Hawakuja. Nikauza nyanya miaka ine."

"Nisamehe, Nsimire."

Alinitazama kama anavyotazama injini iliyoletwa kwake imechelewa.

"Ulikuwa fundi muzuri, unajua? Daktari aliniambia kila siku. 'Anastasi alifanya hivi, Anastasi alifanya vile.' Nilikuwa nasikia wivu."

Aliinuka, akachukua mkoba wake. Nilitamani aubamize mlango. Aliufunga taratibu, akauvuta tena kidogo mpaka kitasa kikashika.