Ubeti wa Nne

Katika chumba cha kufulia cha hospitali, kuongea kazini kulikatazwa. Kuimba kuliruhusiwa, mradi uwe wimbo wa dini. Msimamizi, ambaye pia ni mzee wa kanisa, alikuwa amegundua kwamba wanawake wakiimba, mashuka hukunjwa upesi. Shuka hukunjwa na watu wawili, na mikono hufuata wimbo. Anayeanzisha wimbo ndiye anayeshika mwendo wa kazi, na mwanzishaji siku zote alikuwa mama waliyemwita Kinanda.

Kinanda hakujua kusoma. Beti zote alikuwa nazo kichwani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekunjamana, maana mashine ya kunyoosha mashuka iliuvuta miaka mitatu iliyopita. Siku ile, akiwa bado analia, msimamizi alimletea karatasi. "Ya dawa hii, mama. Weka dole gumba hapa." Akaweka. Baadaye binti yake ndiye aliyemfafanulia alichokubali: kwamba aliumia kwa uzembe wake na hadai lolote. Tangu hapo aliimba kwa uchungu. Wenzake walidhani ni upako.

Asubuhi moja mashine ileile ikamvuta msichana mgeni kazini. Hata bandeji haijakazwa, msimamizi huyo, na karatasi na kidau cha wino.

"Weka dole, mwanangu. Ni ya dawa tu."

Kinanda akaachia shuka, akaanzisha wimbo wa polepole kuliko zote:

"Bwana usikae mbali, sisi tumo tanuruni..."

Wanawake ishirini wakaitikia. Mikono ikasimama. Mtu akazima mashine. Msimamizi, kwa mazoea, akavua kofia na kuinamisha kichwa. Ubeti wa kwanza ukaisha, wa pili, wa tatu.

"Jamani, wodini wanasubiri mashuka!"

"Mzee, hata amina hatujafika," akasema mpiga pasi. "Kanisani nako huwa unakatiza?"

Kicheko kikapita chini kwa chini.

"Haya, mnataka nini?"

"Isome hiyo karatasi," Kinanda akasema. "Kwa sauti, kama unavyosoma matangazo Jumapili."

Msimamizi akasoma. Alipofika penye "kwa uzembe wangu mwenyewe," akashusha sauti. Msichana akafumbata dole gumba lake ndani ya kiganja.

Msimamizi akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. "Basi, yameisha. Turudi kazini."

Wenzake wakaokota mashuka. Kinanda hakuinama.

"Na ya kwangu?"

"Ya kwako iko ofisini, mama. Mambo ya zamani hayo."

"Mkono ninao mpaka leo. Kailete."

Msimamizi akawageukia wengine, kana kwamba hakusikia. Kinanda akaanza ubeti wa nne. Kwa kitambo aliimba peke yake. Kisha, nyuma yake, akasikia shuka moja likiachiwa lianguke, halafu la pili.