Sufuria ya Pili ya Uji

Juzi, kwenye nyumba ya wageni huko Tunduma, nilifungua kidonge cha maumivu ya kichwa kikaporomoka kiganjani, unga mtupu. Harufu yake chungu ikanirudisha Gehandu, kwa Shangazi Bernadeta, nikiwa na miaka tisa. Haya sijawahi kumweleza mtu.

Shangazi alitengeneza vidonge vya minyoo ya ndama. Alisaga mizizi, akachanganya na majivu, akaukanda unga huo kwa uji mwembamba wa ngano, akausugua kwenye chekeche ukatoka chengachenga, akazianika kivulini. Zikikauka alizijaza kwenye kipande cha bomba na kuzishindilia kwa nyundo. Alinionya nisishindilie unga mkavu. Kidonge chake hupendeza leo, kesho kinavunjika. Tena mzizi ni mzito kuliko majivu, unazama, kidonge kimoja kinakuwa majivu matupu na kingine sumu. Uji ndio unaoshikanisha mzizi na majivu.

Ngano ya uji huo aliiokota nyuma ya kombaini, mashine ya kuvunia, kwenye shamba la serikali, ambako walinzi waliwachapa waokotaji. Mistari ya viboko mgongoni mwake mimi ndiye niliyeipaka mafuta.

Mwaka ule mahindi yalikauka. Siku moja alikwenda kuteka maji, akaniachia kazi ya kukanda. Uji ulikuwa bado vuguvugu. Nikaonja kwa kidole, nikanywa kikombe, mwisho nikalamba mwiko. Vidonge nikavishindilia vikavu, nikavifuta kwa kitambaa mpaka vikapendeza kuliko vyake.

Alivinunua Opereta, ndivyo tulivyomwita dereva wa kombaini. Siku ya tatu akarudi na fimbo. Nilimwamkia shikamoo, akanipita.

"Ndama wangu wawili wamekufa wanatoa povu, mama," alisema taratibu. "Uliniuzia dawa au uliniuzia msiba?"

Fimbo ya kwanza ilimpata Shangazi begani, ya pili sikioni. Ya tatu aliikinga kwa mkono, nikasikia mfupa ukivunjika kama bua kavu. Damu ikachuruzika kwenye chekeche.

Opereta akamrushia usoni vidonge vilivyobaki. Vilipoanguka vikawa vumbi. Shangazi, akiwa chini, alichota lile vumbi, akalisugua kwa vidole viwili, akanitazama. Kisha akamgeukia Opereta.

"Nilikosea mimi. Nilizidisha mzizi."

Kwa maneno hayo akachapwa tena.

Mkono ule ulipona umepinda. Tangu hapo alibandika sufuria mbili za uji, moja ya dawa, moja yangu, na kwa ngano ile ya ziada mistari ya mgongoni mwake ikaongezeka. Niliipaka mafuta bila kuuliza, nikishukuru kwamba hakujua.

Miaka yote nimeamini hivyo, mji hadi mji. Juzi Tunduma nikausugua ule unga kwa vidole viwili. Unga ambao haukukandwa haujifichi, vidole vinautambua mara moja.

Shangazi alijua, na bado akabandika sufuria ya pili.