Sindano ya Fundi

Fundi cherehani haangalii tamthilia mikono mitupu. Kwa misimu tisa ya tamthilia yao ya chombo cha angani, mkewe amemzoea hivyo: kochini, shati la mteja mapajani, anashona vifungo huku macho yakiwa kwenye runinga. Nahodha, yule mwanamke mwenye sauti ya mkwaruzo, akiingia hatarini, sindano humchoma fundi kidole gumba. Atasema "Alaa!", atakinyonya, na mkewe atacheka mpaka machozi yamtoke. Kicheko hicho ni chao wawili.

Jumapili hii wanaangalia sehemu ya mwisho ya msimu, waliyoahidiana kuingoja hadi mke arudi kutoka semina ya walimu. Chombo kinawaka moto. Nahodha anawasukuma wenzake nje, anafunga mlango, anabaki ndani peke yake. Mke ameshika kifua. Fundi anakata uzi kwa meno na kuchukua kifungo kingine.

"Umeshaiona hii," mke anasema.

"Mimi? Acha hizo, mama watoto."

"Na nani?"

Sindano inasimama. "Yule dada wa duka la vifungo. Alikuwa nayo kwenye simu, nikasema nichungulie kidogo tu."

"Ukachungulia mpaka nahodha akafa?"

Fundi anaingiza mkono chini ya shati, lakini mke anakijua kidole gumba kile. Asubuhi alikipaka dawa mwenyewe, vitundu vitatu, akimpa pole, akidhani ni cherehani iliyomchoma.