Bibi wa Kizungu wa Magoma

Juzi kwenye hospitali moja huku Korogwe tulikuwa kwenye foleni ya eksirei alipoingia bibi wa Kizungu, anakohoa. "Mgeni apite!" tukasema. Hata mzee aliyefunga mkono wake kwa kanga alimpisha. Bibi akakataa, tukamsukuma mpaka dirishani.

"Shikamoo bibi," muuguzi akasema. "Mashine imekufa, na fundi haonekani. Wewe rudi kwenu ukatibiwe."

"Kwetu ni Magoma, wilaya hii hii. Nalima pale, na mume wangu nimemzika pale."

Muuguzi akamtazama, kisha akatutazama sisi. "Basi pole, bibi. Kakae na wenzio."

Tukajibana kwenye benchi, akakaa. Uraia wetu ndio huo: hupewi hati, unapewa pole.